Chanjo ya Kwenda Kisiwani

Kila jioni, kabla ya kula, Chiriku alisimama mbele ya mlango wa stoo akausoma kwa sauti. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake, usiojua kupumzika. Mlango huo ndio uliokuwa ubao wao wa safari. Baba yake, fundi seremala, alikuwa ameandika kwa chaki mambo yote yanayotakiwa: kibali, picha, tiketi za meli, sanduku, chanjo. Kila jambo likikamilika, Chiriku ndiye aliyelitia alama ya vema. Mdogo wake, Kitinda, alikatazwa hata kuigusa chaki.

Walikuwa wanakwenda kumwona mama. Mama alikuwa mpishi wa kituo cha utafiti katika kisiwa cha mbali, chenye joto mwaka mzima, kilichotawaliwa na nchi nyingine ng'ambo kabisa. Ulikuwa mwaka wa tatu Chiriku hajamtia machoni. Meli ilikwenda huko mara moja kila baada ya miezi minne, na abiria hakupandishwa bila kadi inayoonyesha kwamba alichanjwa homa ya manjano siku kumi au zaidi kabla ya safari.

Baba na Kitinda walichanjwa siku ambayo Chiriku alikuwa kwenye mtihani. Yeye akaambiwa apitie zahanati mwenyewe kesho yake, akitoka shule. Alikwenda, tena alifika hadi kwenye benchi la kusubiria. Kisha mlango ukafunguliwa, akaiona sindano, na miguu ikamtoa nje bila kumuuliza.

Hapo hata mimi ningemsamehe. Lakini alichofanya baadaye, loo! Alibandika plasta begani, akairudisha kadi tupu kwenye mkebe wa karatasi za safari, akatia alama ya vema mlangoni. Tena akalalamika kwamba mkono unamuuma, na shangazi yake, fundi cherehani waliyeishi naye, akamwoshea vyombo siku mbili nzima.

"Nitakwenda kesho," Chiriku alijiambia. Kesho ikafika, naye akasema vivyo hivyo.

Siku sita kabla ya safari, baba alifungua mkebe ili azipeleke kadi kwenye ofisi ya meli. Akaichukua ya Chiriku, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mwanangu, mbona hii haina muhuri?"

Shangazi akasimamisha cherehani. Chiriku akaanza kulia, na ndani ya kilio ukweli wote ukatoka, pamoja na ule wa vyombo.

Baba hakumgombeza. Alimshika mkono wakaenda zahanati mbiombio. Nesi akamchoma, na sindano yenyewe ikawa imekwisha kabla Chiriku hajafumba macho vizuri. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nesi, nakuomba," baba alisema kwa sauti ya chini. "Andika tarehe ya wiki iliyopita. Zinatupungukia siku nne tu."

"Siwezi, baba. Kinga ya huyu mtoto itakuwa tayari siku ya kumi. Mwili wake hausomi nilichoandika."

Huko ofisi ya meli karani alitikisa kichwa kabla baba hajamaliza kueleza. Kibali kilikuwa cha safari hiyo tu. Wakiiacha, wote watatu wangeanza upya, na majibu ya mara ya kwanza yalichukua mwaka mzima. Basi ikaamuliwa kwamba baba na Kitinda waende, Chiriku abaki.

Jumamosi asubuhi, siku ya safari, nguo za Chiriku zilitolewa sandukuni. Baba akachuchumaa mbele yake.

"Mama yako nitamwambia unaumwa. Nisije nikamvunja moyo."

Chiriku alitaka sana kukubali. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Mwambie niliogopa sindano, halafu nikadanganya."

"Atalia, mwanangu."

"Najua," Chiriku alisema, machozi yakimtiririka.

Jioni shangazi alimkuta amesimama mbele ya mlango wa stoo.

"Kuogopa si kosa," shangazi alisema. "Ungeniambia siku ile, ningekwenda nawe nikakushika mkono, na leo ungekuwa melini. Sindano haikukuzuia, mwanangu. Umezuiwa na uongo, na uongo huo umemnyima mama yako mtoto wake. Ukiogopa tena, sema."

"Nitamwona lini, shangazi?"

"Tutaomba kibali upya. Wakikubali, utakwenda. Wasipokubali, sijui. Sitaki kukudanganya."

Chiriku alichukua chaki. Akaifuta ile alama ya vema, akaandika tarehe ya kweli ya chanjo, kisha akaenda kuosha vyombo.