Sufuria ya Watu Kumi na Wawili

Mimi ni fundi cherehani, na kutulia sijui. Mwezi ule ndio nilizidi. Nilikuwa nashona kidogo, nainuka kuangalia ndoo ya mchele. Nakaa. Nainuka tena kuangalia chupa ya mafuta, kana kwamba mafuta yataongezeka nikiyakodolea macho! Ilikuwa tarehe kumi na nane tu, na pesa ya chakula ilikuwa imekwisha.

Kwetu tuko wengi. Kuna mimi, mume wangu ambaye ni fundi rangi, mama mkwe, wifi yangu na watoto watano. Mbali na hao, wakubwa watatu wameshaondoka. Wawili wamefuata kazi mbali, na binti ameolewa.

Jioni ile mume wangu alirudi na rangi ya bluu kwenye nyusi.

"Mama watoto, nimepata mtu wa kununua cherehani," alisema. "Atakuja tarehe thelathini."

"Cherehani yangu?"

"Sasa tutakula nini? Uzi?"

"Na mwezi ujao utauza nini? Utaniuza mimi?"

"Wewe nani atakununua, na kelele hizo?"

Mama mkwe alicheka. Mimi sikucheka. Cherehani ile niliinunua kwa jasho langu, miaka sita ya kuweka kidogo kidogo. Niliumia sana.

Asubuhi nilibeba bakuli la kiporo hadi kwa jirani yetu. Jirani huyu ni mpishi mstaafu. Aliwapikia wanafunzi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na mitano. Ana kuku wanane, na kila siku huwapelekea wali wetu uliobaki. Siku hiyo hakupokea bakuli.

"Mwenzangu, nina neno," alisema. "Nimelinyamazia kwa sababu lilikuwa linaninufaisha. Lakini jana nimesikia habari ya cherehani. Ukuta wetu mwembamba."

"Sema tu, dada."

"Mwaka wa pili huu sijanunua chakula cha kuku. Kuku wangu wananenepa kwa jasho lako. Naona aibu."

Niligeuka niondoke. Akanishika mkono. "Kaa."

"Sina muda wa kukaa."

"Kaa, bwana! Jioni unapima vikombe vingapi vya mchele?"

"Kumi na viwili. Kikombe kimoja kwa mtu."

"Na mko wangapi?"

"Tuko kumi na..."

Mpishi alihesabu kwa vidole, polepole, kuanzia mama mkwe hadi kitinda mimba. "Tisa," alisema.

Machozi yalinitoka. Kwamba watoto wangu watatu wameondoka nilijua vizuri. Mkono wangu ndio uliokataa kujua. Niliona nikipunguza kikombe cha mtoto, ni sawa na kumwambia asirudi nyumbani.

Mpishi hakunicheka. "Siku wakija, utaongeza," alisema. "Lakini mchele wa mtu aliye mbali haumfikii. Unawafikia kuku. Haya, vikombe vitatu kila siku, kwa mwezi ni vingapi?"

"Tisini."

"Vikombe vitano vyako ni kilo moja."

Nilihesabu mara mbili. "Kilo kumi na nane? Mama yangu wee!"

"Haba na haba hujaza kibaba. Na ndivyo kinavyomwagika pia. Twende jikoni kwako."

Jikoni alifungua kabati. "Nani ananunua vitu hapa?"

"Kila mtu. Anayepita dukani analeta anachokumbuka."

Mpishi akatoa paketi za chumvi. Moja, mbili, hadi saba. Wakati huohuo wifi yangu akaingia. "Nimekumbuka chumvi!" alisema kwa furaha, paketi mkononi.

Sijui kama nilicheka au nililia.

"Pesa ya duka ashike mtu mmoja," mpishi alisema. "Kabla hajatoka, afungue kabati na aandike kilichokwisha. Kisichoandikwa hakinunuliwi. Na mafuta ya kupimiwa kila siku ni ghali kuliko ya dumu. Tununue dumu moja, mimi na wewe, tugawane."

Pesa tulimpa wifi, iwe adhabu ya chumvi. Lakini pesa yenyewe ilitoka wapi? Kulikuwa na magauni mawili ya mteja yaliyokuwa yamelala wiki tatu. Niliyamaliza kwa siku mbili, nikalipwa.

Sitawadanganya, siku zile zilikuwa ngumu. Jioni ya kwanza nilipima vikombe tisa, mkono ukarudi kwenye ndoo wenyewe. Nikauondoa. Ukarudi. Mume wangu akachungulia sufuria akasema, "Leo tumefunga?" Lakini kila mtu alishiba, na sufuria ikabaki na ukoko tu. Ukoko nao watoto waliugombania.

Wifi naye alikuwa mkali kuliko askari. Mume wangu alipoleta biskuti, alimuuliza, "Zimeandikwa wapi?" Na mimi, kwa kuwa kabati halikuniinua tena mara nne kwa siku, nilishona. Wateja wakaanza kurudi.

Tarehe thelathini mnunuzi alikuja na mkokoteni na kamba. Nilimwona kupitia dirishani. Mume wangu aliingia kwanza jikoni. Nilisikia anafunua ndoo ya mchele. Ilikuwa bado na chakula cha siku nne. Aliifunika, akatoka mlangoni.

"Samahani, ndugu. Mashine haiuzwi."

"Mbona tulikubaliana?"

"Tulikubaliana mimi na wewe," mume wangu alisema. "Mwenye mashine hatukumuuliza."

Mkokoteni ukageuka. Mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa napinda shati la shule. Nilipinda upande mmoja, nikapinda wa pili, nikashika jingine. Sikuinuka.