Mawe ya Sauna na Kompyuta ya Mama

Hapa Thunder Bay, Kanada, hakuna kompyuta inayoweza kunishinda. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu, Kaarina, mdomo ukiwa umejaa mkate.

"Basi nitengenezee hii, Onni," Mama akasema. "Kesho saa nne asubuhi nina usaili wa kazi kwenye makao ya wazee. Watanihoji kwa video. Mtandao ukikatika, kazi ndiyo imekwenda."

Kompyuta yake mpakato ni kuukuu. Niliiwekea Linux, mfumo wa bure usioilemea mashine ya zamani. Ikawa nyepesi kweli. Shida ilikuwa waifai. Jikoni ilishika vizuri, lakini jikoni ndiko aliko bibi yangu Helvi, redio yake na maneno yake. Mama alitaka utulivu wa sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba. Huko waifai ilikatika kila mara.

"Ni mawe haya," nikasema. "Mawe ya jiko la sauna yanameza mawimbi."

"Kumbe yana mdomo kama wako?"

"Mama, fundi nani hapa?"

Nikayatoa mawe yote, yale yanayomwagiwa maji ili yatoe mvuke, nikayaficha Bibi asiyaone. Waifai ikakatika vilevile. Nikafuta Linux, nikaiweka upya. Wapi! Nilikuwa karibu kunakili amri nisizozielewa kutoka mtandaoni, Mama alipokwenda kumwita jirani yetu Odile. Huyu hufundisha kompyuta maktabani.

Odile hakugusa kitu. Aliketi jikoni, akauliza kwanza.

"Inakatika wapi, Kaarina?"

"Sauna."

"Na hapa jikoni?"

"Hapa haijawahi."

"Chaja unachomeka wapi?"

"Hapahapa. Sauna hakuna soketi."

Odile akatabasamu, akachomoa chaja. Tukasubiri. Waifai ikakatika, na kisambazaji chake kiko juu ya friji, tunakiona! Akachomeka chaja. Ikarudi.

Siku nzima nilibeba mawe, na yeye amepata jibu kwa kuuliza tu.

"Ndani ya kompyuta kuna kadi ya waifai," akaeleza. "Programu inayoiendesha kadi hiyo inaitwa kiendeshi. Ukitumia betri, mfumo unaiambia kadi ilale kidogo ili kuokoa umeme. Kadi mpya huamka haraka. Kwenye kadi hii ya zamani, kiendeshi kinashindwa kuiamsha."

"Kama Onni asubuhi," Mama akasema.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza upesi, kubadilisha mazungumzo.

Odile akafungua faili ya mipangilio ya mtandao. "Soma hapa."

Nikasoma: wifi.powersave = 3.

"Tatu maana yake lala. Weka mbili, maana yake usilale. Lakini kwanza tunza nakala ya faili. Na usiandike amri yoyote kabla hujajua inafanya nini."

Nikatunza nakala, nikaweka mbili, nikahifadhi. Tukazima kompyuta na kuiwasha. Odile akachomoa chaja, akaibeba mashine hadi sauna. Tulizungumza kwa video na dada yangu aliye mji wa Sudbury mpaka akachoka kutuona. Haikukatika hata mara moja.

"Betri itakwisha mapema kidogo," Odile akasema. "Ijaze kabla ya usaili."

Kesho yake Mama akajifungia sauna. Alipotoka, alikuwa anacheka na kufuta machozi. Kazi ameipata!

Jioni tulimwalika Odile kahawa na maandazi ya iliki. Sifa zilikuwa nyingi, nikaona nami nichukue kipande changu.

"Kusema kweli," nikasema, "tangu mwanzo nilihisi ni betri."

Mlango ukafunguliwa. Bibi Helvi aliingia na taulo begani. Mkononi alishika jiwe jeusi.

"Nimewasha sauna, jiko tupu!" akasema. "Nani kayalaza mawe yangu chini ya kitanda cha Onni?"

Odile akaweka kikombe chini. Mama akanitazama.

"Jibu, fundi," akasema. "Au nayo yalikuwa yanaokoa umeme?"