Mrututu wa Shangazi Salme

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Mwanarusi alichemsha maji, akaliosha donda la muundini mwake, akalifunga kitambaa safi. Kisha alichechemea hadi chuo cha Kurani, hapo Changamwe, akaketi karibu na mlango. Hakuna aliyemwamuru kuketi pale. Harufu ndiyo iliyomwamuru.

"Nzi wako wametangulia, wanakungoja," Yeslam alimtania siku moja. Chuo kizima kikacheka.

"Basi waambie wakusomeshe juzuu," akajibu Mwanarusi. "Mwaka wa pili huu hujatoka papo hapo."

Lakini jibu kali haliponyi mguu. Lilikuwa donda ndugu, pana kama kiganja, na miaka mitatu lilikataa kufunga. Shangazi yake, Bi Salme, aliyemlea tangu mamake afariki, alilitia mrututu kila Ijumaa: vile vijiwe vya buluu vilivyosagwa, vichomavyo kama kaa la moto.

"Ukiona yauma, dawa inafanya kazi," alisema Bi Salme.

"Kazi gani hiyo, shangazi, miaka mitatu haiishi?"

Mwaka wa pili baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Gershom, dresa wa kufunga vidonda katika hospitali ya serikali, alipita mtaani akikagua vidonda. Alilitazama donda la Mwanarusi kwa muda.

"Hapa hakuna ngozi ya kufunika," alisema. "Yupo daktari aliyewatibu askari walioungua vitani. Huchukua vipande vidogo vya ngozi ya paja la mgonjwa mwenyewe, akavipandikiza juu ya donda kama miche ya mpunga. Vikishika, huenea mpaka vikakutana."

Majirani wakapiga kelele. "Ni ngozi ya nguruwe hiyo!" "Wanachuna maiti!" Bi Salme akasema haendi mtu.

Mwanarusi alisimama. "Niwie radhi, shangazi. Mguu ni wangu na paja ni langu. Nitakwenda, hata kwa kutambaa."

Bi Salme alimtazama sana. Kisha akalichukua buibui lake wakatoka.

Huko hospitalini, upande wa Port Reitz, donda lilisafishwa wiki mbili. Ndipo Mwanarusi akalazwa usingizi, na alipoamka mguu ulikuwa umefungwa bendeji nene.

"Siku saba," Gershom alimkanya. "Usifungue, usitie kitu. Mche ukitikiswa haushiki."

Siku ya nne Bi Salme alikuja na uji. Alitazama huku na huku, akafungua fundo la leso yake, akatoa unga wa buluu.

"Kidogo tu, mwanangu, upone upesi."

Mwanarusi alikumbuka alivyokanywa. Lakini mkono ule ndio uliomlisha tangu utotoni. Akageuza uso ukutani, akauacha uinue bendeji.

Siku ya saba bendeji ilifunguliwa mbele ya wote wawili. Vipande karibu vyote vilikuwa vimekufa, vyeusi. Daktari alitikisa kichwa, akanena, Gershom akafasiri.

"Daktari anasema huenda mwili wako unaikataa ngozi. Ikiwa ndivyo, hakuna faida kukukata tena. Kesho utarudi nyumbani."

Bi Salme akamfinya mkono. "Nyamaza," akanong'ona. "Tutaaibika."

Mwanarusi aliuona akilini mlango wa chuo, na nzi. Akauchopoa mkono wake.

"Mwambie daktari mwili wangu haukukataa kitu! Ulitiwa mrututu siku ya nne. Nilijua ni makosa, nikanyamaza. Paja la pili lipo. Na alikate!"

Kisha Bi Salme akasema, akiwa ameinamisha uso, "Mkono uliotia ulikuwa wangu."

Gershom akafasiri yote. Daktari akauliza kama mtoto haogopi.

"Naogopa," alisema Mwanarusi. "Lakini mlangoni sirudi."

Vipande vikapandikizwa upya. Safari hii Bi Salme alikaa kando ya kitanda kila siku kama askari wa geti la bandari, na hakuna mkono uliogusa bendeji ile ila wa Gershom. Siku ya saba ilipofunguliwa, vipande vilikuwa vyekundu, vimeshika. Baada ya miezi miwili donda lilikuwa limefunikwa. Ngozi ilikuwa ya mabaka, lakini ilikuwa ngozi.

Asubuhi moja Mwanarusi aliupita mlango wa chuo, akaenda hadi safu ya mbele.

"Sogea, Yeslam. Leo nimekuja peke yangu."

Yeslam akasogea.

Jioni ile jirani yao Kafedha alibisha hodi, amembeba mwanawe mwenye kidonda mguuni. Alitaka chembe ya mrututu.

"Mrututu nimeufukia," Bi Salme alimjibu. "Mpeleke hospitali kesho. Na wakikuuliza umemtia nini, sema, hata kama uso utakushuka. Mimi nilitaka kuficha aibu yangu, nusura mwanangu aukose mguu. Aibu huisha kwa siku moja, Kafedha. Donda la kufichwa halina siku ya kuisha."