Mshiriki Namba Thelathini na Moja

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa tangu saa moja asubuhi, na ukumbi wa chini ulijaa watu wenye haraka wasio na pa kuipeleka. Wote walimkodolea macho kijana wa ovaroli ya kijivu aliyepiga magoti mbele ya mlango uliofunguka nusu, bisibisi mdomoni.

"Fundi, tutafika leo?" aliuliza msichana aliyevaa blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi na viatu vya kisigino ambavyo havikununuliwa kwa ajili ya ngazi.

Fundi akaitoa bisibisi mdomoni. "Unakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Kwa viatu hivyo? Nipe dakika kumi."

"Zikiwa kumi na moja?"

"Nitakubeba."

Watu wakacheka. Msichana hakucheka, ila alisubiri, na ukimwona mwenye haraka anasubiri ujue kuna jambo. Lifti ilipona dakika ya kumi na tisa. Fundi akapanda naye, eti kuhakikisha usalama wa abiria, na walipofika ghorofa ya saba namba ya simu alikuwa nayo.

Huko juu kulikuwa na chumba kirefu chenye skrini kumi na mbili, na hakuna aliyepiga soga. Dawa mpya huweza kutibu ugonjwa mmoja huku ikivuruga umeme unaoupigisha moyo, kwa hiyo wagonjwa wanaoijaribu hufungwa nyaya kifuani hospitalini na michoro ya mapigo yao hutumwa kusomwa. Michoro haikuja na majina, ilikuja na namba tu. Msichana, ambaye kazini aliitwa Msomaji, aliweka mstari mmoja pale pigo linapoanza na wa pili pale wimbi la mwisho linapotulia. Nafasi baina yake ilihesabiwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Ikifika mia tano, mgonjwa aliachishwa dawa siku hiyohiyo, maana moyo wa namna hiyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Kila mgonjwa alikuwa na msomaji mmoja, mwanzo hadi mwisho, ili mkono usibadilike. Na msomaji akimtambua mgonjwa wake, ajaze fomu, faili lipewe mwingine.

Tabu ni kwamba wimbi la mwisho halikatiki ghafla. Linafifia, na mahali linapoishia panategemea jicho.

"Daktari wangu, umekula?" Fundi alipiga simu kila mchana.

"Mimi si daktari. Nimekwambia mara ngapi?"

"Basi msomaji wangu. Umesoma nini leo?"

"Mioyo ya watu."

"Na wangu?"

"Wako hauhitaji mashine, mpenzi. Unasikika mpaka huku."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lifti ya jengo lile ilikaguliwa mara tatu kwa wiki, na majengo mengine yote yaliyomtegemea Fundi yakapanda ngazi. Mwezi wa pili akampeleka msichana nyumbani kumwona Dada.

Dada ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yao alipofariki. Alikuwa mshonaji, mwembamba kupita kiasi, sauti yake kubwa kuliko kifua kilichoitoa. Saratani ilikuwa mapafuni, na madaktari walikuwa wamefika mwisho wa walichonacho, wakamwandikisha kwenye majaribio ya vidonge vipya.

"Wifi, karibu," alisema kabla hajaambiwa mgeni ni nani. "Huyu mdogo wangu amenisumbua kwa jina lako mpaka nimekuota. Simama nikupime."

"Dada, umwache anywe chai kwanza," Fundi alisema.

"Chai ataikuta. Mimi huenda asinikute." Akacheka, akakohoa, akafuta mdomo. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La kwangu limesikia, wifi. Nilikuwa sinyanyui pasi, sasa nashona mpaka mchana. Hebu nipe futi, imo kwenye mkoba huo."

Msomaji akaingiza mkono mkobani. Pamoja na futi kikatoka kikadi cha hospitali: jina la dawa, na chini yake, Mshiriki Namba Thelathini na Moja.

Kwa wiki saba alikuwa akimsoma namba thelathini na moja. Mia nne arobaini, mia nne sitini na mbili, mia nne themanini. Hakujua kama ni mzee au kijana. Sasa alikuwa mbele yake, anamzungushia futi kiunoni na kumtania kwamba harusi ije kabla kiuno hakijaongezeka.

Jumatatu mchoro mpya ulifika. Aliweka mstari wa kwanza, akaweka wa pili, skrini ikaandika mia tano na sita. Akapima tena, ikawa mia tano na sita. Fomu ilikuwa kwenye droo. Lakini mwingine angeyaona yaleyale, na jioni hiyo Dada angeachishwa vidonge, na kikohozi kingerudi. Akaufikiria uso wa Fundi akiambiwa. Basi akausogeza mstari wa pili nyuma, upana wa unywele. Mia nne tisini na sita. Akajiambia ni suala la jicho tu, akatuma.

Jumatatu iliyofuata akafanya hivyohivyo, na iliyofuata. Unywele ukawa nywele mbili.

"Dada leo amepanda ngazi bila kupumzika," Fundi alimwambia kwenye simu. "Kavaa gauni jekundu, kapaka na rangi ya mdomo. Mbona kimya? Huna furaha?"

"Ninayo."

"Mbona haisikiki?"

Hakuweza kumtazama usoni tena. Akaanza kutopokea simu. Akimwona Fundi ukumbini, yeye alipanda ngazi, ghorofa saba, viatu mkononi. Fundi naye akafanya hesabu wanayofanya wanaume wote wakikwepwa, akamvizia mlangoni saa ya kutoka.

"Niambie tu jina lake," alisema.

"La nani?"

"Huyo aliyekupata."

"Hakuna mtu, mpenzi wangu. Ningekwambia."

"Basi kuna nini? Dada anakuuliza kila siku. Gauni lako limekwisha, anataka ulijaribu."

"Mwambie nitakuja."

Hakwenda. Alhamisi ya wiki ile, saa nne asubuhi, Dada alikuwa akipiga umbea na mteja, pini tatu kwenye kola, akacheka, akainamia cherehani na hakuinuka. Msibani watu wote walisema ugonjwa umemaliza kazi yake. Msomaji alikuja amejifunga kitambaa cheusi, akasuguana mabega na majirani jikoni siku tatu, na Fundi alipomwona ameshika sufuria macho mekundu, akamwomba radhi kwa maneno aliyomtupia. Alimwomba radhi yeye. Msichana aliipokea ile radhi, akaendelea kusugua sufuria.

Walirudiana. Fundi alikuwa akimpigia simu mchana kama zamani, umekula, nimekula, na aliyewasikia angedhani maji yaliyomwagika yamezoleka.

Jumapili moja adhuhuri alimwita wakapange chumba cha kushonea. Kulikuwa na joto, vitambaa vimetandazwa kitandani, na Fundi amevaa shati la mikono mirefu lisilo la kazi ile. Akakaa juu ya kiti cha cherehani.

"Dada aliniambia nisikuache," alisema. "Hata asingesema. Nataka nikuoe. Sina mtu mwingine sasa."

Msichana akaweka chini kitambaa alichokuwa akikikunja. "Namba thelathini na moja alikuwa Dada," alisema. "Nilikuwa nampima mimi."

Akamweleza yote, droo, fomu, mia tano na sita, unywele. Fundi alisikiliza bila kumkatiza, kama anavyosikiliza mashine.

"Ungeandika ukweli, wangemwachisha?"

"Siku ileile."

"Angepona?"

"Hapana. Angeishi miezi mitatu, labda minne, anakohoa."

"Basi ulimwongezea siku njema." Alisema kwa haraka, kama mtu aliyeona mlango.

"Au nilimpunguzia siku. Sijui, wala sitajua. Angeweza kuchagua mwenyewe, mimi sikumwuliza."

"Nani mwingine anajua?"

"Kazini. Nimewaambia juzi. Nimefukuzwa. Majaribio yamesimamishwa, wagonjwa arobaini wameachishwa vidonge. Wengine walikuwa wanaendelea vizuri kama yeye."

Fundi akazungusha gurudumu la cherehani tupu, mara moja, mara mbili. Nje mtu alikuwa akiita mtoto aje kula. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Lakini ulifanya kwa ajili yake. Ulimpenda. Alikuita wifi siku ya kwanza."

Hapo palikuwa na nafasi ya unywele, na msichana aliiona.

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema. "Niliogopa uso wako. Yeye sikumfikiria."

Fundi akainamisha kichwa.

"Ungesema ni kwa ajili yake," alisema. "Hata kwa uongo. Ningekuoa."

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

Akachukua mkoba wake, akajipitisha katikati ya vitambaa. Fundi hakumzuia, wala hakuinuka.