Lango la Maji Siku ya Ijumaa

Nyakerario alikuwa akiopoa samaki waliokufa kwa kikapu cha majani chai. Waliobaki walielea, midomo juu, wakitafuta hewa. Ukungu wa kilima cha Manga ulikuwa bado umelala juu ya migomba, kana kwamba kilima kizima kinaota.

"Samaki wa harusi ya binti yetu," alisema. "Linet tutamwambia nini?"

Osoro, mumewe, alisimama kando ya bwawa. "Ijumaa kabla jua halijazama nilifungua lango lote la mfereji. Nilitaka bwawa lijae Jumamosi, siku ya Sabato, bila sisi kufanya kazi."

Jirani yao Zilpa, mzaliwa wa kando ya ziwa, aliteremka kutoka mtoni. Yeye husoma ubao wa kupimia maji pale mfereji unapoanzia.

"Watu wa ziwa mmezaliwa na mapezi," Osoro alimwambia. "Hebu tuambie."

"Na nyinyi mnafuga samaki kama ndizi. Mkishapanda, mnaenda kanisani!" Zilpa alicheka, kisha akainama. "Baba Linet, ingiza mkono mpaka kiwiko. Unaona vidole?"

"Sioni. Tope tupu."

"Mvua ya jana ilileta udongo na samadi kutoka mashambani. Lango lilikuwa wazi, vyote vikaingia. Samaki wanakosa hewa."

"Lakini mto ulikuwa umejaa!"

"Umejaa uchafu. Mto ukiwa na rangi ya udongo, funga. Ukitakata, fungua, lakini usipite alama nyekundu iliyo langoni. Ijumaa mto ulikuwa mdogo, nawe ukachukua karibu maji yote. Mama Bosire, anayeteka maji kule chini ya mto, alichota kwa kikombe."

Osoro aligeuka kutazama kule chini. "Sikumfikiria," alisema polepole.

"Na Sabato?" Nyakerario aliuliza.

"Ijumaa mfunge. Bwawa likiwa limejaa, siku moja haina neno. Nalo lipumzike."

Mto ulikuwa umeshatakata. Walitoa maji machafu kidogo kidogo, wakafungua lango mpaka kwenye alama. Kufikia jioni samaki waliobaki walikuwa wamerudi chini ya maji, wakiogelea.

Wiki hiyo walianza kuchimba shimo kwenye mfereji, ili tope litulie humo kabla maji hayajafika bwawani. Ijumaa jua lilipokaribia mgongo wa Manga, Osoro alifunga lango. Nyakerario aliingiza mkono bwawani. Aliviona vidole vyake vyote, na samaki mmoja akaja kuvigusa.

"Watatosha harusi," alinong'ona.

"Shimo bado nusu," Osoro alisema.

"Liache. Jumapili tutalikuta."

Wakaegemeza majembe kwenye mgomba, wakapanda nyumbani.