Grupu la Mpunga la Maman Fabiola

Kila Jumanne akina mama wa Sange wanaouza mpunga huangalia simu zao. Maman Fabiola, aliyeanzisha grupu lao la WhatsApp, huwaandikia mahali ambapo lori la kwenda Uvira litapakia kesho yake. Ni kazi nzuri, na anaifanya kwa moyo. Ila alipenda kutiiwa, tena sana.

Jumanne moja aliandika kwamba lori litapakia kwenye mashine ya kukoboa. Mapendo, anayekaa karibu na mashine hiyo, akajibu: "Maman, minye niko naishi pale. Njia ilikatika jana. Motoka haiwezi pita."

Fabiola aliona aibu. Ni yeye aliyemsimamia Mapendo siku ya ndoa yake. Leo Mapendo anamsahihisha yeye mbele ya watu mia? Akamtoa kwenye grupu. Wengine pia walijua kwamba njia imekatika, lakini wakanyamaza, wasije wakatolewa nao.

Kesho yake wanawake ishirini walipeleka magunia kwenye mashine. Lori likakwama mbali. Mvua ikanyesha, mpunga ukalowa. Watu wakaanza kutoka kwenye grupu mmoja mmoja, na Fabiola akaumia sana. Grupu lilikuwa linamfia mikononi.

Alikwenda kwa Pontien, fundi wa simu sokoni, akamweleza yote yaliyotokea, akamwomba awazuie watu wasitoke. Pontien alicheka. Simu haina dawa hiyo, alimwambia.

"Grupu uliianzisha weye, Maman. Hiyo heshima hakuna mutu wa kukunyanganya. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mukuwe wasimamizi watatu. Muandike sheria, na weye zikufunge. Mutu asitolewe kama hajasikilizwa. Na mwenye kukasirika asikuwe yeye muamuzi."

Fabiola alikwenda hadi nyumbani kwa Mapendo. "Nilikukosea, binti yangu," alisema. Mapendo alikuwa ameumia. Mwishowe alikubali kurudi, akawa msimamizi pamoja na Fabiola na Bernardine, muuza mpunga mwenzao. Sheria zikaandikwa, wote wakazikubali. Waliotoka wakarudi.

Mwezi uliofuata Fabiola aliandika kwamba lori litapakia nyuma ya soko. Bella, aliyeingia kwenye grupu siku mbili tu kabla, akaandika kwamba pale kuna tope, gari litazama. Wote wakangoja waone kama Bella atatolewa. Hasira ilimpanda Fabiola. Kisha akaandika:

"Aksanti, Bella. Minye nilikosea. Wengine munaona tupakie wapi?"

Majibu kumi na saba yakaingia. Kesho yake mpunga ulifika Uvira ukiwa mkavu.