Bolti Zenye Rangi Nyekundu

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa misumeno ya injini, ile ya zamani ambayo mafundi wengine wakiiona husema, peleka kwa chuma chakavu. Watu walimwita Tupa kwa jinsi alivyojua kunoa. Lakini kutengeneza tu hakukumtosha. Atapanua eksozi ya kutolea moshi, atachezea kabureta, mpaka injini iliyozeeka ingurume kama mpya. Sifa zilimpanda kichwani, na hakuona ubaya wake.

Jumatatu moja asubuhi, binti wa marehemu kaka yake aliingia karakana amekumbatia msumeno uliofungwa kwenye gunia.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimeukuta stoo kwa mama. Nimepata kazi ya kukata miti, naanza Ijumaa. Nifufulie."

Tupa alifungua gunia. Ulikuwa ule ule wa kaka yake. Kila bolti ilikuwa na doa jekundu, maana kaka yake alizoea kuzipaka rangi ya kucha ya mkewe. Rangi ikipasuka, anajua bolti imelegea. Watu walimcheka sana. Yeye alijibu kwamba rangi dukani ipo, vidole havipo.

"Mbona hauna breki?" binti aliuliza.

"Ya zamani hii haikuwa nayo," Tupa alisema, macho kwenye gunia.

Uongo mtupu. Breki ilikuwepo, kile kibao cha mbele ya mkono kinachousimamisha mnyororo msumeno ukiruka. Miaka tisa nyuma aliing'oa mwenyewe ili kupisha eksozi kubwa aliyoiunda. Kaka yake alisita. Tupa akamtania, "Unataka nguvu au unataka mapambo?" Wiki haikuisha, msumeno ukagonga fundo la mti, ukaruka. Baada ya mazishi Tupa alikuwa anamwaga zege la sakafu ya karakana, akaitumbukiza ile breki humo ndani. Hakumwambia mtu.

Sasa amwambie nini mtoto wa marehemu? Akinyamaza, huenda akamzika na yeye. Akisema, atamkosa maisha yake yote, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumwita baba. Alishika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. Alitoka nje, akarudi. Siku nzima hakukaa.

Mwishowe aliamua kusema kwamba injini imekufa. Aling'oa plagi akaitia mfukoni, akamwaga petroli yote, akaenda kunywa chai. Aliporudi, chini ya msumeno palikuwa na unga wa mbao. Akaufagia. Jumanne ukawepo tena, mwingi zaidi. Jumatano aliushika. Ulikuwa mbichi, una utomvu. Karakana nzima haikuwa na hata kipande cha mti.

Alhamisi saa sita mchana, binti akaja.

"Imekufa, mwanangu," Tupa alinong'ona. "Achana nayo."

"Ngoja nijaribu."

"Haina plagi. Haina mafuta."

Binti alikuwa ameshavuta kamba.

Ukanguruma. Mnyororo ukazunguka. Ukaruka juu, moja kwa moja kwenye shingo. Tupa alifumba macho. Hivi ndivyo alivyokufa kaka yake.

Tak.

Kimya.

Alifumbua. Binti alikuwa mzima, ametoa macho. Mnyororo ulikuwa umesimama, umebakiza upana wa kidole kufika kooni. Mbele ya mkono wake kulikuwa na breki.

Kwenye kona zake ilikuwa na zege.

"Baba mdogo," binti alinong'ona, "hii imetoka wapi?"

Tupa alinyoosha mkono akagusa bolti zilizoishikilia. Zilipakwa rangi nyekundu. Ikamnata kidoleni. Ilikuwa haijakauka.

Tupa alikaa pale pale chini akasema yote, eksozi, utani, zege, huku analia bila aibu. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana, na heri angemtukana. Alishika msumeno wa baba yake, akaufunga vizuri kwenye gunia, akaondoka. Tunasikia anafanya kazi nao na mwili wake hauna hata mkwaruzo. Kwa baba yake mdogo hajakanyaga tena.

Jioni ile Tupa alitambaa sakafu yote kwa magoti. Hakuona ufa hata mmoja. Alichukua nyundo, akawa anagonga na kusikiliza, anagonga na kusikiliza. Chini ya meza ya kazi, pale alipoizika, zege liliitika kwa sauti ya kitu kitupu.

Kile kidole kilichonata rangi amekiosha kwa petroli. Amekiosha kwa thina. Amekikwangua kwa tupa mpaka kikatoa damu. Ngozi ilipoota, ikaota na ile rangi nyekundu, mbichi vile vile. Siku hizi haruhusu msumeno kutoka kwake bila breki, na wateja wake wanashangaa mbona kila mmoja una alama nyekundu ya kidole. Tupa anachukua kitambaa. Anaifuta, na anapoifuta anaiacha nyingine.